Magunia Sita

Niliinunua Kampala, nyeusi, silinda nane,
na njia nzima hadi Mbale nilikuwa naongea nayo
kama mtu aliyepewa fahali asiyemstahili.

Kushuka hakukuwa na neno. Kushuka nilibeba viazi,
magunia kumi ya Kapchorwa yaliyoshiba,
na gari likakaa barabarani kama bibi kwenye mkeka wake.
Ni kurudi. Kurudi ndiko kulikonivua nguo.

Mwezi wa nne, mvua ya Elgon haipigi hodi.
Nyuma kutupu, kamba imelala, turubai limekunjwa,
lami ya Sipi inang'aa kama ngozi ya kambare,
na mimi, kwenye kona ile yenye kibanda cha rangi ya chungwa,
nikataka boda aliyekuwa mbele ajue nilichonunua.

Nikakanyaga.

Debe tupu huvuma, walisema. Hawakusema huzunguka pia.
Mkia ulinipita. Niliona bonde,
kisha uso wa mama mmoja na ndoo yake,
kisha barabara niliyotoka, safari hii mbele yangu.
Migomba mitatu ilinipokea. Injini ikazima.
Kimya, na matone, na mama yule akiuliza kutoka ng'ambo:
"Umemaliza?"

Nambozo ana duka la matairi nyuma ya soko la Mbale,
kontena moja na kompresa inayokohoa.
Hakuuliza ina farasi wangapi. Alichuchumaa,
akachomeka sarafu ya mia kwenye mfereji wa tairi,
ikabaki nje karibu yote.
Akasoma namba za ubavuni kama anayesoma kaburi:
"Hili lina miaka kumi na moja. Mpira umekuwa mfupa.
Maji yapitie wapi, kichwani kwako?"

Nikamwambia nataka mapana, yale ya kwenye picha.
"Mapana bila meno ni sahani. Sahani huelea."
Mengine aliyasema huku anafungua nati, bila mpango:
kwamba ubabe wote ule wa injini
unafika chini kwa viganja viwili vya mpira, basi;
kwamba nilijaza upepo wa mzigo nikarudi nao bila mzigo,
gari likawa linatembea kwa ncha za vidole.
"Na mguu wako. Mvua ikinyesha, kanyaga kama unayepita
chumba alicholala mtoto uliyembembeleza tangu saa nane usiku."
Na uzito. "Weka kitu juu ya ekseli.
Mchanga. Chochote kisicholalamika."

Mchanga Mbale unauzwa. Nikaenda Kaptanya,
kwenye shamba la baba lililolala tangu tumzike,
nikajaza magunia sita kwa jembe lake lenye mpini uliofungwa waya.
Cheptoek, jirani, akasimama mpakani:
"Sasa unahamisha na shamba?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nahema.

Msimu wa tatu huu yapo pale, juu ya magurudumu ya nyuma,
yamefungwa. Matone ya kwanza yakigonga kioo
nasikia gari linavyojishusha, meno mapya yanavyotema maji.
Kona ile bado naiogopa. Napita kwa gia ya tatu,
mtoto amelala chini ya unyayo wangu.

Juzi usiku, kwenye kizuizi, askari wa trafiki akamulika.
"Umebeba nini?"
"Udongo."
"Unauza?"
"Hapana."
"Unaupeleka wapi?"
"Nyumbani. Halafu Mbale. Halafu nyumbani."

Akapanda kwenye bampa ahakikishe uwendawazimu wangu.
Tochi ikasimama kwenye gunia la pembeni, lile lenye tundu:
kiazi kimoja, sijui kilidondokea humo lini,
kimetoa majani manne
yakitetemeka pamoja na injini.

Alikitazama muda mrefu kuliko leseni yangu.
Mvua ilikuwa inaanza.
"Nenda," akasema. "Polepole. Usije ukaking'oa."